Mjini, Nungwi, Jambiani au Pemba? Kuchagua Pa Kupumzika na Watoto Zanzibar

Skuli zikikaribia kufungwa swali ni lile lile, kwa jamaa wa Dar es Salaam na Mombasa na hata kwa Waunguja wa Michenzani na Kwerekwe: watoto tuwapeleke wapi safari hii? Pesa ipo kiasi, siku ni chache, na kila unayemuuliza ana pwani yake ya kuisifu. Aliyekwenda Nungwi fungateni atakwambia Nungwi. Aliyezaliwa Wete atakwambia Pemba, hata kama mara ya mwisho kuvuka alikwenda harusini. Hawadanganyi, ila hakuna kati yao aliyemfikiria mtoto wa miaka minne anayetaka kuingia majini saa mbili asubuhi, ale saa tano, na saa saba awe amelala.

Likizo ya watoto huendeshwa na saa. Mtu mzima atakaa barazani na kikombe cha kahawa akingoja maji yajae, mtoto hangoji. Kwa hiyo sehemu nne zilizomo humu, yaani Mji Mkongwe, Nungwi na Kendwa za kaskazini mwa Unguja, Paje na Jambiani za kusini-mashariki, kisha Pemba, nimezipima kwa siku ya mtoto inavyokwenda. Uzuri wa picha nimeuacha, kwa sababu picha zote nzuri.

Tunapima kwa nini

La kwanza ni maji, na hapa wengi hukosea hesabu. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Wakati wa maji mafu, katikati ya hapo, tofauti hupungua sana. Kwetu bamvua lina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba tazameni kalenda ya mwezi. Pwani moja, hoteli moja, wiki mbili tofauti: familia moja itasema bahari haikuwapo, nyingine itasema watoto waligoma kutoka majini.

Upepo nao una kauli. Likizo ya Juni na Julai huangukia kwenye kusi, unaopiga pwani ya mashariki. Ya Desemba huangukia kwenye kaskazi, unaotokea kaskazini-mashariki. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua, na hoteli nyingi hushusha bei wakati huo.

La pili ni njia: saa ngapi za gari au boti na mtoto anayetapika. La tatu ni chakula, maana mtoto asiyekula huharibu siku ya watu wote. La nne ni zile saa za bila bahari, kuanzia saa sita mpaka saa tisa, jua linapochoma, au siku nzima ya mvua. La mwisho ni mfuko na dharura, yaani bei na umbali wa hospitali. Nimeyaweka pamoja kwa sababu pwani iliyo mbali hukugharimu yote mawili.

Mji Mkongwe

*Maji.* Hapa ndipo Mjini panapopungukiwa. Bahari iko mlangoni, lakini ni bahari ya boti na majahazi. Jioni pale Forodhani vijana hupiga makachu: mmoja anarudi nyuma, anakimbia, anaruka kutoka ukingoni, anajipindua hewani na kuingia majini huku watu wanapiga kelele, na kabla hajaibuka mwenzake keshaanza kukimbia. Watoto wenu watataka kukaa pale mpaka giza liingie. Wakae watazame tu. Kina cha pale hubadilika kwa saa, na wale vijana wameukulia ukuta ule. Wa kuogelea apelekwe kwa boti hadi kisiwa cha Changuu, kiasi cha nusu saa, au kwa gari hadi Bububu, au mchague hoteli yenye bwawa.

*Njia.* Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi huchukua kama saa mbili, na ukishuka bandari ya Malindi umeshafika. Uwanja wa ndege nao ni mwendo mfupi wa teksi. Hakuna pa karibu kuliko hapa. Mkokoteni wa mtoto uacheni nyumbani. Vichochoro vina vizingiti, mashimo na pikipiki zinazotokeza bila kupiga honi. Kanga ya kumbebea mgongoni inafaa zaidi.

*Chakula.* Hapa hakuna mtoto wa kulala na njaa. Asubuhi vitumbua, mandazi na mkate wa ufuta. Mchana wali kwa samaki wa kupaka, au pilau, au chipsi kwa yule asiyetaka kitu kingine. Jioni urojo, kwa watakaovumilia pilipili. Mwambieni muuzaji mapema asitie, naye atawawekea kachori, bajia na kipande cha yai juu ya rojo peke yake. Forodhani usiku kuna mishkaki, juisi ya miwa na ile wanayoiita piza ya Zanzibar, ambayo ni chapati iliyojazwa nyama na yai, au ndizi na chokoleti, na kukaangwa mbele ya macho yako. Ulizeni bei kabla ya kuagiza na ule ugomvi mdogo wa mwisho hautakuwapo. Vya baharini vilivyopangwa mezani tangu magharibi mimi simpi mtoto. Mishkaki iliyotoka motoni sasa hivi nampa.

*Saa za bila bahari.* Mji unazipita pwani zote kwa hili. Changuu kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, wengine umri wao unapita miaka 100, na mtoto anaweza kumlisha kobe jani kwa mkono wake. Jengo la jela la mwaka 1893 lipo pale, ingawa wahalifu hawakufungwa humo. Liligeuzwa mahali pa kuwatenga abiria waliohofiwa kuwa na maradhi. Mjini kwenyewe kuna Ngome Kongwe yenye uwanja wa kukimbilia, Bustani ya Jamhuri, na upande wa Ng'ambo viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, ambako wanakwenda watoto wa Unguja wenyewe. Beit el Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ulizeni hali yake kabla ya kuwaahidi watoto kuingia ndani. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ni pa mtoto mkubwa anayeweza kuuliza na kujibiwa. Mdogo hatafahamu, na vyumba vile vya chini vitamtisha.

Na kuna mashamba ya viungo Kizimbani na Kidichi, kiasi cha nusu saa kwa gari. Msidhani ni ya wazungu tu. Mtoto wa Dar es Salaam anayekula pilau kila Ijumaa hajapata kuona hiliki inavyoota chini kabisa, mzizini, wala hajakwangua gamba la mdalasini akalinusa. Atavishwa kofia na tai ya majani ya mnazi, na hataivua mpaka ikauke.

*Mfuko na dharura.* Nyumba za wageni ni nyingi na za bei zote. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko hapo hapo. Angalieni ngazi tu: nyumba nyingi za zamani ngazi zake ni za mbao, nyembamba na zimesimama, na darini ukuta huwa mfupi. Ombeni chumba cha chini.

*Panawafaa* watoto wa miaka saba na kuendelea, familia yenye siku mbili tatu tu, na wanaokuja wakati wa Sikukuu ya Idi. Ile jioni ya Sikukuu viwanja vya Mnazi Mmoja, na nguo mpya na midoli na aiskrimu, haina mfano pwani yoyote.

Nungwi na Kendwa

*Maji.* Kwa kuogelea tu, mapema na jioni, hapa pana nafuu kuliko kwingine kote Unguja. Maji hupwa, lakini hayakimbii mbali, na Kendwa hasa mtoto anaweza kuoga asubuhi na jioni hata wakati wa bamvua. Mchanga ni laini na mawe ni machache. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo kusi na kaskazi vyote haviisumbui sana. Kasoro ni mbili. Kina huingia mapema kuliko mashariki, hakuna mwamba wa kuzuia, basi asiyejua kuogelea awe mikononi mwa mtu. Na boti ni nyingi, pamoja na zile pikipiki za majini. Chagueni kipande ambacho boti hazitii nanga.

*Njia.* Kama kilomita 60 kutoka Mjini, saa moja na kitu kwa teksi. Daladala namba 116 inakwenda kwa bei ndogo, ila husimama kila kituo, na mabegi ya familia huenda juu ya paa. Kwa mtu mmoja ni sawa. Kwa baba, mama, watoto watatu na begi la nepi, kodini gari.

*Chakula.* Ufukweni ni bei ya hoteli. Ingieni kijijini, Nungwi ni kijiji kikubwa, mtapata wali kwa maharage, samaki, chipsi na mishkaki kwa bei ya kijijini. Matunda na maji ya kunywa nunueni njiani kabla ya kufika.

*Saa za bila bahari.* Ni chache, ila zina maana. Mnarani, karibu na mnara wa taa, kuna bwawa la kasa linaloendeshwa na wanakijiji tangu mwaka 1993. Maji yake hujaa na kupwa pamoja na bahari, na watoto huwalisha kasa mwani. Kuna sehemu nyingine wageni huteremshwa kuogelea pamoja na kasa. Mimi nawashauri wabaki ukingoni, kasa si mdoli.

Kilichonivutia zaidi Nungwi ni pale wanapounda majahazi na mashua. Fundi anakaa chini ya ubavu wa chombo, anachovya pamba kwenye mafuta na kuishindilia kati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo, kalafati hiyo, mshono baada ya mshono, na pembeni mwenzake anatoboa mbao kwa keekee ya kamba. Mtoto wa kiume wa miaka kumi nimemwona akisimama pale mpaka mama yake akamfuata mara ya tatu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msiwaache wadogo wakanyage mbao, misumari imetapakaa.

*Mfuko na dharura.* Bei ni za juu, na mwisho wa Desemba hupanda zaidi. Ulizeni bei ya wakaazi. Mara nyingi ipo lakini haitajwi mpaka iulizwe. Hospitali ya Kivunge iko njiani, upande wa Mkwajuni. Kendwa kuna sherehe za mwezi mpevu zenye muziki wa usiku kucha, basi ikiwa siku zenu zinaangukia hapo, chumba kiwe mbali. Papasi wa ufukweni, wale vijana wa kuwauzia wageni, watawaandama kwa safari za boti na kofia. Ukiwajibu kwa Kiswahili, na kwa upole, "leo hapana kaka", hupunguza.

*Panawafaa* wenye watoto wanaopenda maji kuliko kitu chochote, na wanaoweza kulipa.

Paje na Jambiani

*Maji.* Hapa ndipo kalenda ya mwezi inapoamua kila kitu. Bahari ikipwa wakati wa bamvua, hurudi nyuma kiasi kwamba unaona mstari mweupe wa mawimbi mbali kule kwenye mwamba, na kati yako na mwamba ni mchanga, majani na vidimbwi. Mgeni aliyekuja kuogelea saa nne asubuhi ataona ameibiwa. Kumbe kwa mtoto ndiyo saa tamu ya siku. Kwenye vidimbwi kuna kaa, jongoo bahari, samaki wadogo waliobaki, na viti vya pweza vyekundu, vile vyenye umbo la nyota, ambavyo kila mtoto hutaka kuvibeba. Akiinue, akitazame, akirudishe majini. Akina mama wamejiinamia kwenye mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti safu baada ya safu. Salimieni kwanza, "habari za kazi mama", kisha watoto waulize. Wataonyeshwa mwani unavyofungwa kwa kipande cha uzi, na pengine mmoja atapewa kamba ajaribu. Msikate njia katikati ya mashamba yao.

Viatu ni lazima. Kuna wanyama wadogo weusi wa miba mirefu kwenye mawe, na mwiba wao ukivunjika ndani ya unyayo siku hiyo imekwisha. Kandambili hutoka mguuni na kuelea. Raba za zamani au yeboyebo zenye mkanda ndizo. Na mrudi pwani kabla maji hayajaanza kuja, maana huingia kwa mifereji na kumzunguka mtu kabla hajajua.

Saa kumi jioni bahari imejaa mpaka kwenye minazi, maji ni ya vuguvugu na mwamba umezuia mawimbi. Mtoto wa miaka mitano anacheza maji yakiwa kiunoni mwake. Mkija wakati wa maji mafu, basi kuogelea ni asubuhi, na ule mtembeo wa kwenye vidimbwi hupungua.

Paje na Jambiani si kitu kimoja. Paje ni pwani ya kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara kubwa. Upepo ukishika, Juni hadi Septemba na tena Desemba hadi Machi, kamba zinapita juu ya maji na ufukweni pia, na mtoto anayekimbia ovyo hana usalama pale. Jambiani ni kijiji kirefu, kimya zaidi, nyumba zimekaa karibu na mchanga. Kwa watoto nachukua Jambiani.

*Njia.* Zaidi kidogo ya kilomita 50 hadi Jambiani, barabara nzuri, na daladala namba 309 ipo. Njiani mnapita Jozani, kwa hiyo safari yenyewe inakuwa sehemu ya likizo.

*Chakula.* Migahawa midogo ya wenyeji, wali wa nazi, pweza, samaki. Wanapika baada ya kuagizwa, na kungoja kwa saa nzima ni jambo la kawaida. Agizeni asubuhi mkipita, mwaambie saa ya kula. Mkikodi nyumba yenye jiko, mvuvi hupita na samaki wake, na hapo bibi aliyekuja nanyi anachukua usukani.

*Saa za bila bahari.* Jozani, sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, kuna kima punju ambao hawapatikani porini kokote nje ya visiwa hivi. Hawana haya, watakuwa juu ya kichwa chenu wakila majani. Msiwalishe wala msiwashike. Njia ya mbao katikati ya mikoko ni fupi, na mtoto wa miaka mitatu anaimaliza kwa miguu yake. Karibu na hapo, kijijini Pete, kuna kituo cha vipepeo. Kizimkazi kuna pomboo. Nendeni mapema, na mkatae nahodha anayewakimbiza na kuwazingira. Msikiti wa Dimbani ulio karibu una maandishi ya mwaka 1107, na mtoto wa madrasa anaweza kujaribu kuyasoma.

*Mfuko na dharura.* Kuna vyumba vya kila bei, nyumba za kukodi ni nyingi kuliko kaskazini, na familia mbili zikichangia nyumba moja gharama hushuka kweli kweli. Hospitali ya Makunduchi iko upande huo huo wa kusini.

*Panawafaa* watoto wadogo wasiojua kuogelea, wenye udadisi wa vidudu na wanyama, na familia zenye wazee.

Pemba

*Maji.* Mazuri, ila si ya mlangoni. Vumawimbi, kule kaskazini kupita msitu wa Ngezi, ni ufukwe mrefu ambao mnaweza kuwa peke yenu mchana kutwa. Peke yenu maana yake hakuna muuza maji, hakuna kivuli isipokuwa cha miti, hakuna wa kuokoa mtu. Kisiwa cha Misali, kwa boti kutoka Wesha, kina matumbawe ya kutazamwa kwa miwani karibu sana na ufukwe.

*Njia.* Huu ndio mtihani. Ndege kutoka Unguja ni kiasi cha nusu saa. Kwa bahari kuna boti za kasi, na kuna meli ya usiku inayowafikisha Mkoani asubuhi. Mkondo wa Nungwi una mawimbi, hasa wakati wa kusi. Mtoto apewe chakula kikavu na chepesi, akae nyuma penye hewa, awe na ndimu ya kunusa, na mjue jaketi za kuokolea ziko wapi kabla ya kuondoka bandarini. Ukishafika, kutoka Mkoani hadi Chake Chake, Wete au Konde ni magari tena.

*Chakula.* Cha nyumbani na cha bei ndogo, lakini mitaani hufunga mapema. Jioni Chake Chake mtapata mishkaki, pweza na mikate. Mkichelewa mtalala na biskuti. Msimu wa shokishoki ukiwakuta, mmebahatika.

*Saa za bila bahari.* Ngezi na miti yake mirefu, na popo wa Pemba, mkubwa, mwenye manyoya mekundu, asiyepatikana popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Kidike ananing'inia mchana kwenye miti kwa makundi. Kuna magofu ya Pujini ya Mkama Ndume, mtawala wa kale, na visa vyake vya ukatili watoto wakubwa huvipenda kuliko magofu yenyewe. Misali ina kisa chake pia: Nabii Khidhri aliomba msala wa kusalia, hakukuwa na msala, akasema kisiwa hiki ndio msala, kwa jinsi kinavyoelekea kibla. Msimu wa karafuu majamvi yameanikwa kila mbele ya nyumba, na harufu inaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa.

*Mfuko na dharura.* Kufika ni ghali, kukaa ni rahisi kama mtalala mjini Chake Chake au Wete. Hoteli za ufukweni ni chache na nyingi zimewalenga wapiga mbizi, bei zake si za familia. Kuna Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, na hospitali Chake Chake na Wete. Mkiwa Vumawimbi zote ziko mbali.

*Panawafaa* wenye ndugu kule, au wenye watoto waliokwishakua na wasiochoka garini. Bila ndugu na bila gari, Pemba na mtoto wa miaka miwili ni kazi.

Kulingana na hali yenu

Mkiwa na siku mbili, kaeni Mjini na msihangaike. Siku moja ya Changuu, nyingine ya viungo, jioni zote Forodhani. Mkiwa na siku tano au sita, laleni mbili Mjini na zilizobaki pwani moja tu. Kuhamisha watoto mara mbili, Nungwi kisha Jambiani, ni kufunga na kufungua mabegi tu.

Juni na Julai, kama watoto ni wa kuogelea, elekeeni Kendwa. Jambiani miezi hiyo kuna upepo na jioni huwa ya baridi kidogo kwa anayetoka majini, ingawa vidimbwi havijali upepo. Desemba pande zote zinafaa, ila lipieni mapema na muulize bei mara mbili.

Mwezi wa Ramadhani migahawa ya mjini na vijijini hufungwa mchana. Watoto wadogo wanakula, hakuna atakayewazuia, ila wale ndani. Laleni penye jiko, au kwenye hoteli inayopika mchana. Baada ya kufuturu, hapo Mji unaamka.

Wenye bibi asiyeweza ngazi, Jambiani, chumba cha chini, mlango unaotazama bahari. Wenye mtoto mwenye pumu au anayehitaji daktari mara kwa mara, Mjini, na bahari mwende mchana mrudi.

Mnaotoka Bara chukueni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitaulizwa bandarini. Mkiwa na shemeji au wajomba wenye pasipoti za nje, tangu Oktoba 2024 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ilipiwe kwa mtandao kabla ya safari, si pale kwenye foleni watoto wakiwa wamechoka.

Na kama kura imegawanyika nyumbani, baba anataka Nungwi na mama anataka Jambiani, fungueni kalenda. Siku zenu zikiangukia bamvua na watoto wana chini ya miaka minane, Jambiani: asubuhi vidimbwi, jioni kuogelea. Zikiangukia maji mafu na watoto wanajua kuogelea, baba kashinda.